Deni la Zubeir na Tangazo la Nusu Dakika

Ukishazika mara nyingi unaijua hatua ile. Maiti imeshaswaliwa, jeneza liko mbele, watu wameanza kutupia macho viatu vyao mlangoni, na mtu mmoja wa familia, aghalabu baba mdogo au kaka mkubwa, anasimama na kusema: "Kama kuna mtu anamdai marehemu, aje tuonane. Na kama marehemu alimkosea mtu, tunaomba amsamehe." Watu wanaitikia, jeneza linanyanyuliwa. Siku moja niliipima hatua hiyo kwa saa. Sikukusudia utovu wa adabu. Ni kwamba na mimi nilikuwa namdai yule marehemu. Haikufika nusu dakika. Wala sikwenda kumwona mtu, maana nani atamfuata mfiwa makaburini kumtajia shilingi zake?

Yuko sahaba ambaye tangazo lake lilichukua miaka 4. Halikutolewa msikitini kwa watu wa mtaa, lilitolewa kwenye msimu wa Hija, mahali ambapo wakati ule kila mwenye safari ya mbali angepita. Sahaba huyo ni Zubeir bin Awwam, na mtangazaji alikuwa mwanawe Abdullah. Habari yenyewe imo katika Sahihi ya Bukhari, kitabu maarufu cha hadithi, kwenye milango ya khumsi (sehemu ya tano) ya ngawira, chini ya kichwa kinachozungumzia baraka ya mali ya mpiganaji akiwa hai na akiwa amekufa. Ni hadithi ndefu kupita kawaida, imejaa namba, majina ya viwanja na bei. Huenda ndiyo sababu mimbari zetu haziipendi. Nimeisikia vipande tu, hasa kile kipande cha dua, kisha khatibu akaendelea na mengine.

Mawaidha yetu yana masahaba wa aina mbili. Yuko fukara mwenye nguo ya viraka, na yuko tajiri anayetoa msafara mzima wa ngamia kwa mkupuo mmoja. Wote wawili ni wa kweli: viraka vya Umar vimesimuliwa, na mchango wa Uthman kwa jeshi la Tabuk umesimuliwa. Lakini angalia, katika visa vyote hivyo mali ni ya sahaba mwenyewe. Ama ameikosa, ama ameitoa. Sahaba aliyeshika mali ya watu, akalala nayo, akaizungusha, akaamka nayo, huyo hatumsikii sana. Na humu mitaani kinachotutenganisha ndugu kwa ndugu ni mali ya watu iliyo mikononi mwetu.

Mwaka ni wa 36 wa Hijra, sawa na 656, nje ya mji wa Basra, siku ya vita vya Ngamia, Waislamu kwa Waislamu. Sitaingia katika ubishi wa nani alikuwa na haki siku ile; Waislamu wamehitilafiana juu yake kwa karne 14 na makala hii haitawapatanisha. Zubeir alimwita Abdullah, akasimama ubavuni mwake. Akamwambia kwamba hatauawa mtu leo ila atakuwa dhalimu au aliyedhulumiwa, na kwamba anajiona yeye atauawa leo hali ya kuwa amedhulumiwa. Kisha akasema kuwa miongoni mwa yanayomsumbua zaidi ni deni lake, akauliza: "Je, waona deni letu litabakisha chochote katika mali yetu?"

Mtu huyu alikuwa na makovu ya vita vya Badr na Yarmuk mwilini. Mwanawe mwingine, Urwa, alisimulia kuwa utotoni alikuwa akitumbukiza vidole katika makovu hayo kwa kucheza. Ni huyu ambaye siku ya Khandaki Mtume (S.A.W.) alisema kila Nabii ana mwandani wake, na mwandani wangu ni Zubeir. Mama yake, Safiyya, alikuwa shangazi wa Mtume. Mtu wa hadhi hiyo, siku anayoiona kuwa ya mwisho, anaulizia mahesabu. Akausia: uza mali yetu, ulipe deni langu. Kitakachobaki, theluthi yake ni wasia, na theluthi ya hiyo theluthi iende kwa watoto wako wewe Abdullah. Ukishindwa na chochote katika deni hili, basi omba msaada kwa Mola wangu. Hapa Abdullah anakiri kuwa hakumwelewa, kwa sababu neno alilolitumia, *maula*, linaweza pia kuwa na maana ya mlinzi au mshirika wa kibinadamu. Ikabidi aulize: baba, maula wako ni nani? Akajibu: Allah.

Zubeir aliuawa siku hiyohiyo, baada ya kujitoa vitani, katika bonde linaloitwa Wadi Sibaa. Mji wa Az-Zubayr ulioko kusini mwa Iraki umebeba jina lake hadi leo.

Sasa hilo deni lilitoka wapi? Kwanza tumjue mdaiwa alikoanzia. Asmaa bint Abubakar, mama yake Abdullah, alisimulia kuwa Zubeir alimwoa akiwa hana mali duniani ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Asmaa mwenyewe ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, wakawa wanamwokea jirani zake wanawake wa Kiansari. Akabeba kokwa za tende kichwani kutoka kwenye ardhi ya Zubeir iliyokuwa theluthi mbili za farsakh, kilomita tatu na ushei. Hiyo ndiyo nyumba tunayoizungumzia. Miaka thelathini na kitu baadaye, mwenye nyumba huyo anakufa akiwa na ardhi kadhaa, mojawapo ikiwa Ghaba nje ya Madina, nyumba 11 hapo Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri. Na hana hata dirhamu moja taslimu.

Riwaya inasisitiza, na nadhani kwa makusudi, kwamba hakuwahi kushika uamiri, wala kukusanya kodi ya ardhi, wala kazi yoyote ya namna hiyo. Kilichompa mali ni kushiriki vita pamoja na Mtume, kisha Abubakar, Umar na Uthman, na ardhi aliyoinunua. Msimuliaji aliijua hoja ya wasomaji wake kabla hawajaisema: mtu akiwa na nyumba 15, swali la kwanza ni alikuwa na cheo gani. Umar alikuwa akiandikisha mali za magavana wake kabla hawajaenda vituoni, ili wakirudi na ziada waulizwe. Zubeir hakuwa katika orodha hiyo.

Deni halikutokana na kukopa ili ale. Abdullah anaeleza: mtu alikuwa akimjia na mali yake ili amwekee amana. Zubeir akisema, "Hapana, iwe ni mkopo, kwa kuwa naogopa isije ikapotea." Yalipojumlishwa aliyoyapokea kwa njia hiyo, Abdullah akakuta milioni 2 na laki 2. Dirhamu ya fedha ilikuwa na uzito wa karibu gramu 3. Hapo tunazungumzia zaidi ya tani 6 za fedha.

Sentensi ile fupi, "iwe ni mkopo", ndiyo kiini cha makala hii, na kuielewa kunahitaji fikihi kidogo. Katika sheria ya Kiislamu aliyewekewa amana hadhamini. Nyumba ikiungua, mwizi akivunja, mafuriko yakipita, na yeye hakuzembea, hasara ni ya mwenye mali. Mkopaji hana kinga hiyo. Hata mali ikizama baharini siku ileile aliyoipokea, deni liko shingoni mwake mpaka alipe au warithi wake wamlipie. Watu walimjia Zubeir wakimpa kinga. Yeye akaivua mwenyewe na kuwavika wao.

Niliujua uzito wa tofauti hii katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mambo ya miaka kadhaa iliyopita. Mweka hazina alikuwa na sanduku nyumbani kwake. Wakavunja, sanduku likaenda. Tukakaa kikao kikavunjika mara mbili. Nusu yetu walisema alipe, nusu wakasema maskini, na yeye kaibiwa. Mwalimu mmoja wa madrasa aliyealikwa kusuluhisha akatuuliza swali moja tu: zile pesa mlimpa amana au mlimkopesha? Hatukuwa na jibu, kwani hakuna aliyewahi kuuliza. Akauliza la pili: alikuwa akizigusa? Kimya. Ikaja kujulikana kuwa mwezi wa mfungo alizichukua kiasi akalipia mzigo wa dukani, kisha akazirudisha. Mwalimu akasema basi amejiingiza katika dhima mwenyewe, kwa kuwa aliyewekewa amana akiitumia bila idhini hasara inamhamia. Jamaa akalia mbele yetu. Hakuwa mwizi. Alitaka vyote viwili, azitumie kama mkopo, zikipotea awe aliyewekewa amana.

Mlango huo ndio Zubeir alioufunga tangu mwanzo. Na tuwe wakweli, naye alinufaika. Mali ikishakuwa mkopo, ni halali aifanyie biashara na faida iwe yake. Wachambuzi wa hadithi wa zamani waliliona hilo na kulisema waziwazi, kwamba alifanya hivyo ili mwenye mali awe na hakika na haki yake na ili faida atakayoipata iwe safi kwake. Sioni kwa nini tulifiche. Kuna watu wanadhani ukitaja kwamba sahaba alipata faida umempunguzia thawabu. Mimi naona kinyume: tendo la sadaka tupu ni la siku moja, ila makubaliano ambayo pande zote mbili zinajua nani anabeba nini, hayo unaweza kuyafuata Jumatatu asubuhi dukani kwako.

Kuna mtindo siku hizi wa kumwita Zubeir mwanzilishi wa benki za Kiislamu. Wazo hilo lilinifikia kwa nguvu tangu Kenya ilipopata benki kamili za namna hiyo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2011. Ni kweli benki nyingi za aina hii hupokea akaunti za kawaida kwa mkataba wa mkopo, kama alivyofanya yeye. Lakini kumwita mwenye benki ni kumvisha suti isiyomtosha. Benki inahifadhi kiasi fulani taslimu kwa ajili ya wanaokuja kuchukua. Zubeir aliweka karibu kila kitu ardhini. Kwa macho ya mhasibu, alikuwa hatarini kweli: madeni yanaweza kudaiwa wakati wowote, mali imelala kwenye viwanja. Swali lake kwa Abdullah, kama deni litabakisha kitu, halikuwa unyenyekevu wa maneno. Hakuwa na uhakika. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaoisimulia habari hii kana kwamba tangu mwanzo ilijulikana itaishia vizuri.

Baada ya mazishi akaja Hakim bin Hizam, naye ni sahaba na jamaa yao. Akamuuliza Abdullah: mwanangu, ndugu yangu anadaiwa kiasi gani? Abdullah akaficha. Akasema laki moja. Hakim akasema, Wallahi sidhani mali zenu zitatosha. Abdullah akamjaribu: je, ingekuwa milioni 2 na laki 2? Hakim akasema sidhani mtaliweza hilo, mkishindwa na chochote njooni kwangu.

Hapo kwenye kuficha nilisimama mara ya kwanza nilipoisoma. Wanazuoni wamemtetea kwamba hakusema uongo, kwani laki moja imo ndani ya milioni 2. Sawa. Lakini mimi nilimwona mtu wa familia ninayemjua: mtoto mkubwa, msiba wa juzi, anaulizwa na mzee deni ni kiasi gani, na kinywa kinataja namba ndogo kabla akili haijaamua. Tena hii ni habari iliyosimuliwa na wenyewe. Abdullah alimsimulia mdogo wake Urwa, Urwa akamsimulia mwanawe Hisham. Mkosoaji anaweza kusema ni familia inayojisifu, na ni haki yake kusema hivyo. Ila familia inayotaka kujipamba ingeanza kwa kuifuta sehemu hii.

Kisha kazi ikaanza. Zubeir alikuwa ameinunua Ghaba kwa 170,000. Abdullah akaithamini kwa 1,600,000, akaigawa mafungu 16 ya laki moja moja, akatangaza: mwenye haki kwa Zubeir na atufuate Ghaba. Akaja Abdullah bin Jaafar, aliyekuwa anadai 400,000. Akasema: mkitaka nawaachia. Abdullah mwana wa Zubeir akakataa. Akasema: basi mkitaka mniweke wa mwisho kulipwa. Akakataa. Basi nikatieni kipande. Akamwambia, chako ni kuanzia hapa mpaka hapa.

Watu wengi wangetoka pale na msamaha wa laki nne wakamshukuru Mungu. Nimejiuliza kwa nini aliukataa. Abdullah hakueleza, na sitamwekea maneno mdomoni. Ninachokiona ni kwamba baba hakuusia deni lisamehewe, aliusia lilipwe. Kwetu tangazo la jeneza limegeuka kuwa ombi la msamaha lililovaa nguo za malipo. Tunasema "aje tuonane" huku tukitumaini haji. Mtume mwenyewe aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari 3, kwa riwaya ya Salama bin Akwaa, na hakuacha kitu cha kulilipa. Akawaambia watu wamswalie mwenzao. Mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo liko juu yangu, ndipo akamswalia. Kwa dinari 3 swala ilisimama.

Mafungu yaliuzwa, madeni yakalipwa, yakabaki mafungu manne na nusu. Abdullah akenda nayo kwa Muawiya, aliyekuja kuwa khalifa, pale barazani wakachukua mtu mmoja fungu moja, mwingine fungu, mmoja wao akiwa Mundhir, ndugu yake mwenyewe Abdullah, na Muawiya akamalizia moja na nusu kwa 150,000. Na yule bin Jaafar, aliyekuwa tayari kusamehe laki nne zake, baadaye akamuuzia Muawiya kipande chake kwa laki sita.

Hapo ndipo wakaja warithi. Wana wa Zubeir wakamwambia kaka yao: tugawie mirathi yetu. Watu wa Mahakama ya Kadhi, au yeyote aliyewahi kuwa msimamizi wa mirathi, wanaujua ujumbe huo na sauti unayokuja nayo. Madeni yanayojulikana yamekwisha kulipwa, kwa nini mali ikae? Abdullah akaapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija: aliyekuwa anamdai Zubeir aje tumlipe. Akawa anatangaza mwaka baada ya mwaka. Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, inarudia mara kadhaa kwamba mafungu ya mirathi ni baada ya wasia au deni, na sisi tumeihifadhi aya hiyo kwa sauti nzuri. Abdullah aliitafsiri kwa kalenda. Anayedai kutoka Yemen au Misri hawezi kusikia tangazo la Madina kwa wiki moja. Mpe misimu minne, habari itamfikia. Nadhani ndugu zake walimchukia kidogo katika miaka hiyo. Riwaya haisemi, nami nina ndugu.

Miaka minne ilipokwisha akagawa. Akatoa theluthi ya wasia. Zubeir alikuwa ameacha wake wanne (Asmaa hakuwamo, walikwishaachana), na kila mmoja akapata milioni 1 na laki 2. Riwaya inamalizia kwa kusema mali yake yote ilikuwa milioni 50 na laki 2.

Chukua kalamu. Wake wanne kwa 1,200,000 ni 4,800,000, nayo ni thumni, sehemu moja kati ya nane. Zidisha kwa 8, unapata 38,400,000. Hiyo ni theluthi mbili, kwa kuwa theluthi moja imekwenda kwenye wasia; rudisha theluthi, inakuwa 57,600,000. Ongeza deni lililolipwa, 2,200,000. Jumla 59,800,000. Haifanani na milioni 50 na laki 2. Kuna pengo la 9,600,000.

Pengo hili halikugunduliwa na mjanja wa mitandaoni juzi. Wanazuoni waliofafanua kitabu cha Bukhari waliliona karne nyingi zilizopita, mmoja wao, Ibn Hajar, akalijadili kwa urefu katika ufafanuzi wake, hesabu kwa hesabu. Hawakuona haya kukagua mali ya sahaba wala kusema namba hizi hazikubaliani. Wapo waliosema msimuliaji mmoja aliteleza katika kutaja jumla. Wapo waliosema, na hili ndilo linalonivutia zaidi, kwamba milioni 50 na laki 2 ni thamani ya mali siku aliyokufa, na ziada ni kile ambacho ardhi na nyumba zile zilizalisha katika miaka 4 ya kusubiri.

Ukiifuata hesabu ya hawa wa pili, inakaa vizuri ajabu. Toa deni kwenye milioni 50 na laki 2, inabaki milioni 48. Toa theluthi, inabaki 32. Thumni yake ni milioni 4, kwa wake wanne ni milioni moja kila mmoja. Hicho ndicho ambacho kila mjane angepata kama Abdullah angewasikiliza nduguze akagawa mapema. Walipata milioni 1 na laki 2. Laki mbili zaidi kwa kila mjane, sawasawa na kile alichozidishiwa Abdullah bin Jaafar kwa kipande chake cha Ghaba.